Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa

1. Mawe ya pwani yetu

Sisi wa Boko tunalijua jiwe la matumbawe. Ukichimba msingi wa nyumba unalikuta. Ukichimba kisima unalikuta. Jirani zetu wa Wazo wana kiwanda cha saruji, na saruji hiyo hutokana na mawe ya kilima kile kile. Wazee wetu waliyachoma mawe ya namna hii juu ya magogo, wakapata chokaa ya kujengea.

Siku moja ukipata nafasi, nenda Kunduchi. Si mbali na hapa. Huko utaona magofu ya msikiti wa zamani. Utaona pia makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Kwenye nguzo hizo watu wa kale walipachika sahani na bakuli za kaure zilizotoka China. Jiulize: Nani walijenga vitu hivi? Sahani za China zilifikaje Kunduchi?

Ili kupata jibu, tutakwenda mbali kidogo. Tutakwenda Kilwa, upande wa kusini wa nchi yetu. Katika kitabu hiki utasoma maisha ya mtu mmoja aliyejenga kwa mawe ya matumbawe kama haya yetu. Alitawala Kilwa karibu miaka 700 iliyopita. Jina lake ni Hasan bin Sulaiman.

Soma polepole. Neno likikushinda, tazama mwisho wa kitabu. Ukimaliza, wasomee walio nyumbani kwako.

2. Mji wa Kilwa

Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo karibu na bara. Leo ukitaka kufika huko, unasafiri kwa gari kutoka Dar es Salaam kwenda kusini, kiasi cha kilomita 300, mpaka Kilwa Masoko. Kisha unapanda chombo na kuvuka maji. Safari ya majini ni fupi.

Zamani kisiwa hiki kilikuwa na mji mkubwa. Watu wake walikuwa wakulima, wavuvi, mafundi, mabaharia na wafanya biashara. Walilima mtama. Walivua samaki. Walifua chuma na kusokota pamba. Hawakula ugali wa mahindi, kwa sababu mahindi yalikuwa bado hayajafika Afrika.

Kwa nini mji ulikua hapo? Sababu ya kwanza ni bandari. Maji ya Kilwa yana kina, na kisiwa kinakinga vyombo visipigwe na mawimbi.

Sababu ya pili ni upepo. Wewe mtu wa pwani unaujua upepo wa kaskazi na upepo wa kusi. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kusi iliyarudisha kwao. Chombo kikiondoka Arabuni kwa kaskazi moja kiliweza kufika Kilwa. Kwenda mbele zaidi ilikuwa taabu, kwa sababu muda wa upepo ulikuwa umekwisha. Basi wafanya biashara wengi walikomea Kilwa.

Sababu ya tatu ni dhahabu. Dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilichimbwa mbali, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Watu waliichukua mpaka bandari ya Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Kutoka Sofala ilipanda kwa majahazi hadi Kilwa. Watu wa Kilwa waliisimamia njia hiyo ya bahari. Kwa hiyo wakapata utajiri.

Kwa dhahabu na pembe za ndovu, watu wa Kilwa walinunua nguo, shanga na vyombo vya kaure. Sasa unaelewa jinsi sahani za China zilivyofika pwani yetu. Hazikuokotwa. Zilinunuliwa.

3. Ujana wake

Watawala wa Kilwa wa wakati ule walikuwa wa ukoo wa Mahdali. Asili ya ukoo huo ilikuwa nchi ya Yemeni. Babu yake Hasan aliitwa Hasan bin Talut. Huyu ndiye aliyeanza kutawala Kilwa kwa jina la ukoo huo, karibu mwaka 1277.

Usifikiri kwamba Kilwa ulikuwa mji wa wageni. Mji ulianza karne nyingi kabla ya ukoo wa Mahdali kushika utawala. Wageni walikuja kufanya biashara, wakaoa, wakazaa na wenyeji. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima mifupa ya watu wa kale wa miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Walikuta kwamba watu wale walikuwa na damu ya Afrika na damu ya Asia pamoja. Upande wa kina mama, karibu wote asili yao ilikuwa Afrika. Mama zao ndio waliowafundisha watoto lugha. Kwa hiyo lugha ya nyumbani haikuwa Kiarabu wala Kiajemi. Ilikuwa lugha ya Kibantu, mzazi wa Kiswahili hiki unachokisoma.

Katika karne ya 16 watu wa Kilwa waliandika historia ya mji wao katika kitabu, kwa Kiarabu. Kitabu hicho kinasimulia kwamba Hasan alisafiri akiwa bado kijana mdogo. Alikwenda Adeni, akakaa huko akisoma. Kisha alikwenda Maka kuhiji.

Akiwa safarini, ndugu yake Daud ndiye aliyekaa Kilwa akitawala kwa niaba yake. Hasan alikuwa mbali kwa miaka kadhaa. Ndugu msomaji, wewe unajua jinsi cheo kinavyoweza kuwagombanisha ndugu. Shamba tu huwagombanisha, sembuse mji wenye dhahabu. Lakini Hasan aliporudi, Daud alimkabidhi utawala bila vita. Hasan akawa sultani. Ilikuwa karibu mwaka 1310.

4. Mjenzi

Hasan alikuwa ameona miji ya ng'ambo. Alirudi na hamu ya kujenga.

Kilwa palikuwa na msikiti mkuu wa mawe tangu zamani. Ulikuwa mdogo. Sultani Hasan aliamuru uongezwe. Sehemu mpya ilikuwa kubwa kuliko ile ya zamani, mara kadhaa. Mafundi waliweka nguzo za matumbawe, wakajenga juu yake kuba nyingi. Pembeni walijenga chumba chenye kuba moja kubwa sana.

Kujenga kuba si kazi rahisi. Fundi lazima ajue kupima. Akikosea kidogo, kuba huanguka.

Nje ya mji, upande wa mashariki, pana jabali lililo juu ya bahari. Hapo Sultani Hasan alijenga jumba lake. Leo tunaliita Husuni Kubwa. Lilikuwa na vyumba kama 100. Kulikuwa na nyua kubwa, na mahali ambapo sultani alikaa kusikiliza watu. Kulikuwa na ghala za kuwekea bidhaa. Kulikuwa na ngazi ya kushuka mpaka baharini. Kulikuwa na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Katika nchi zote za kusini mwa Sahara, wakati ule, hapakuwa na nyumba nyingi za mawe zilizolingana na hiyo kwa ukubwa.

Mafundi walijenga namna gani? Walitumia matumbawe ya aina mbili. Ya kwanza ni mawe magumu ya nchi kavu. Hayo yalijenga kuta. Ya pili ni matumbawe laini, yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi. Hayo yalichongwa kwa urahisi kabla hayajakauka. Yalitumika kwenye milango, kwenye kuba na mahali pa mapambo. Chokaa ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Boriti za mikoko zilibeba dari. Kwa sababu hiyo vyumba vingi vilikuwa vyembamba. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti.

Mafundi wa pwani yetu wamejenga kwa njia hii kwa mamia ya miaka. Huenda babu yako alikuwa mmoja wao.

5. Mgeni kutoka Moroko

Mwaka 1331 chombo kimoja kilitia nanga Kilwa. Ndani yake alikuwamo msafiri aliyeitwa Ibn Battuta. Alizaliwa mwaka 1304 katika mji wa Tangier, nchi ya Moroko. Alisafiri kwa miaka mingi. Kabla ya kufika Kilwa alipita Mogadishu, kisha akalala usiku mmoja Mombasa.

Ibn Battuta aliupenda sana mji wa Kilwa. Aliusifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Aliona kwamba wakazi wengi ni watu weusi wenye chale usoni. Aliona nyumba nyingi zimejengwa kwa miti.

Alikutana na Sultani Hasan mwenyewe. Aliandika kwamba sultani alikuwa mnyenyekevu. Alikaa na maskini, akala pamoja nao. Aliwaheshimu watu wenye elimu. Kwa sababu ya kutoa sana, watu walimpa jina la Abu al-Mawahib. Maana yake ni baba wa vipawa, yaani mtu anayetoa zawadi.

Ibn Battuta alisimulia kisa kimoja alichokiona. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Sultani alikuwa anatoka msikitini kwenda nyumbani. Fakiri mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha njiani. Akamwomba nguo alizovaa, hizo hizo alizokuwa nazo mwilini. Sultani hakukasirika. Aliingia katika chumba cha khatibu, akavua nguo zake, akavaa nyingine. Kisha akampa fakiri zile alizoombwa. Watu wakamsifu sana.

Mtoto wa sultani akaona si vizuri nguo za baba yake ziende. Akazichukua kwa fakiri, akamlipa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa kinakomea hapo. Miaka mingi baadaye, mnamo mwaka 1355, habari za safari zake zote ziliandikwa kitabuni huko Moroko.

6. Swali la darasani

Nilipolisimulia darasa letu kisa hiki, wanafunzi wengi walicheka kwa furaha. Walimsifu sultani. Mama mmoja wa makamo hakucheka. Aliuliza wale watu ishirini walikuwa nani. Alitaka kujua majina yao, na walikotoka, na kama walikuwa na watoto. Darasa zima likanyamaza.

Mimi kama mwalimu sikuwa na jibu la kumpa. Majina yao hayakuandikwa popote. Nguo za sultani zimeandikwa. Pembe za ndovu zimeandikwa. Watu ishirini wameandikwa kama hesabu tu.

Ibn Battuta anaeleza pia kwamba Sultani Hasan alikuwa akipeleka askari bara kupigana na watu wa huko. Alipowashinda, alichukua mateka na mali. Sehemu moja kati ya tano aliiweka kando kwa ajili ya kazi za dini. Wageni wenye heshima walikuja kutoka Iraki na Hijazi, wakagawiwa fungu hilo.

Ndugu msomaji, tufikiri pamoja. Mtu huyu alikuwa mkarimu. Alikula na maskini bila kujikweza. Hilo ni jambo jema, na viongozi wengi hawaliwezi. Lakini mali aliyoitoa ilitoka wapi? Nyingine ilitoka katika biashara. Nyingine ilitoka kwa watu waliovamiwa vijijini mwao. Bwawa lake la pembe nane halikujaa lenyewe. Mtu mwingine alichota maji, akayabeba.

Wako watu wanaotaka tumsifu tu, kwa sababu ni wa kwetu. Wako wengine wanaotaka tuyaache magofu yaanguke, kwa sababu yalijengwa na mabwana. Nadhani wote wawili wanakosea. Ukimsifu tu, unawasahau wale ishirini kwa mara ya pili. Ukiacha kuta zianguke, unawasahau waashi waliozijenga, na wao walikuwa watu wa pwani kama sisi. Historia si ngoma ya kumsifu mtu. Ni kama mizani. Weka mema upande mmoja, na mabaya upande wa pili. Kisha pima mwenyewe.

7. Baada yake

Sultani Hasan alitawala mpaka karibu mwaka 1333. Alipofariki, ndugu yake Daud akashika utawala tena, safari hii kwa haki yake mwenyewe.

Ibn Battuta anasema Daud hakuwa na mkono wa kutoa kama ndugu yake. Wageni walikaa wakingoja zawadi kwa miezi mingi, wakapata kidogo sana. Mwisho wakaacha kuja. Daud aliwaeleza kwamba mwenye kutoa amekufa, na hakuacha chochote nyuma yake cha kutoa.

Tazama jambo hilo kwa makini. Ujenzi mkubwa na zawadi kubwa huacha hazina tupu. Anayekuja nyuma ndiye anayelaumiwa. Hata katika nyumba zetu mambo ni hayo hayo. Mtu hufanya arusi kubwa ya siku tatu, na watoto wakalipa deni kwa miaka mitatu.

Jumba la Husuni Kubwa halikukamilika lote. Watu walikaa humo kwa muda mfupi, kisha likaachwa. Msikiti mkuu nao ulipata ajali. Katika karne hiyo hiyo ya 14, sehemu iliyoongezwa na Hasan ilianguka. Watu wa Kilwa waliujenga upya katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, chini ya Sultani Sulaiman bin Muhammad. Kuba unazoziona leo ukifika Kilwa ni za ujenzi huo wa pili.

Mwaka 1505 Wareno walikuja na merikebu za vita. Waliupora mji wa Kilwa, wakajenga ngome. Mwaka 1512 waliondoka. Biashara ya dhahabu ilikuwa imevurugika. Mji haukurudi tena katika utajiri wake wa zamani.

8. Jina lake limefikaje kwetu?

Hasan alikufa karibu miaka 700 iliyopita. Hatuna picha yake. Basi tumelijuaje jina lake? Tumelijua kwa sababu ya maandishi. Yako maandishi ya namna nne.

Kwanza, ni kitabu cha Ibn Battuta.

Pili, ni kitabu cha historia ya Kilwa. Nakala yake moja imehifadhiwa London.

Tatu, ni jiwe. Kuanzia mwaka 1958 mtaalamu aitwaye Neville Chittick alisimamia kazi ya kuchimba Kilwa. Wenyeji walishika majembe na sururu, wakaondoa vifusi polepole. Katika Husuni Kubwa walipata jiwe lenye maandishi ya Kiarabu. Jina la Hasan bin Sulaiman lilikuwa limechongwa juu yake. Ndipo ikajulikana kwa hakika nani alijenga jumba lile.

Nne, ni sarafu. Kilwa ilitengeneza sarafu zake yenyewe. Nyingi zilikuwa ndogo, za shaba. Upande mmoja ziliandikwa jina la sultani. Upande wa pili ziliandikwa maneno ya kumsifu Mungu. Maneno ya pande hizo mbili yalikuwa na vina, kama mashairi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sarafu moja ya Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Kutoka Kilwa mpaka huko ni mbali sana, zaidi ya kilomita 1,000. Sarafu ile ndogo ni shahidi. Inathibitisha kwamba watu wa Kilwa na watu wa nchi ya dhahabu walikuwa na uhusiano wa kweli.

Sasa nitakupeleka mbali zaidi, ng'ambo ya bahari nyingine. Huko Amerika ya Kati, katika nchi ambazo leo ni Meksiko na Guatemala, walikaa watu wa Maya. Wapo hata leo. Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi. Mahindi tunayoyalima sisi asili yake ni upande huo wa dunia. Wamaya wa kale walijenga miji ya mawe ya chokaa. Nao walichoma mawe wakapata chokaa, kama wazee wetu.

Wamaya walikuwa na maandishi yao wenyewe. Waliyachonga kwenye mawe na kuyaandika katika vitabu. Katika karne ya 16 Wahispania waliiteka nchi, wakavichoma vitabu vingi. Watoto hawakufundishwa tena maandishi yale. Ikafika siku ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyeweza kuyasoma. Mawe yalisimama na majina ya wafalme juu yake, na watu wakapita mbele yake bila kujua. Ni katika karne ya 20 tu wataalamu walipoanza kuyasoma tena. Leo tunajua, kwa mfano, kwamba mfalme Pakal wa mji wa Palenque alikufa mwaka 683.

Umeona? Jiwe lenye maandishi bila msomaji ni jiwe tu. Wewe ambaye jana ulitia dole gumba, na leo unasoma ukurasa huu, umekuwa mmoja wa watu wanaoweza kuyafungua mawe.

9. Kazi yetu

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi yalikuwa yanakula ukingo wa bahari. Mvua ilikuwa inalegeza chokaa. Mizizi ya miti ilikuwa inapasua kuta. Serikali na wanakijiji walifanya kazi ya kukarabati, na mwaka 2014 magofu yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari.

Sisi huku tunaishi kati ya magofu ya Kunduchi na magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo. Je, tufanye nini?

Usibomoe ukuta wa kale ili upate mawe ya msingi. Ukuta huo ukishakwenda, haurudi.

Ukilima au ukichimba na kukuta kigae cha kaure, shanga, sarafu au kaburi la kale, usiuze. Toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji. Tangu mwaka 1964 tunayo Sheria ya Mambo ya Kale inayolinda vitu hivyo.

Waulize wazee habari za mahali unapokaa. Nani alifyeka pori hapa kwanza? Kisima kile kilichimbwa na nani? Andika katika daftari lako. Andika jina la fundi, si la mwenye nyumba peke yake. Andika jina la mama aliyechota maji ya kujengea.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Na watu vile vile. Wale ishirini wa Kilwa walipotea bila habari kwa sababu hakuna aliyeandika majina yao. Sasa kalamu iko mkononi mwako. Anza leo na mtu mmoja.

Maneno mapya

Boriti: mti wa mkoko unaobeba dari ya nyumba.
Fakiri: maskini anayeomba, pia mtu aliyeacha mambo ya dunia.
Hazina: mahali pa kuwekea fedha na mali ya utawala.
Kaure: aina ya udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vizuri.
Khatibu: mtu anayetoa hotuba msikitini siku ya Ijumaa.
Kuba: paa la mviringo la msikiti au jumba.
Magofu: majengo ya zamani yaliyobomoka.
Mateka: watu waliokamatwa vitani.
Waashi: mafundi wa kujenga kwa mawe.

Maswali ya mazungumzo

1. Taja sababu tatu zilizofanya mji wa Kilwa ukue.
2. Daud alifanya nini Hasan aliporudi kutoka Maka? Je, wewe ungefanya hivyo?
3. Kwa nini vyumba vingi vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba?
4. Je, Sultani Hasan alikuwa kiongozi mwema? Toa sababu za pande zote mbili.
5. Tumelijua jina la Hasan kwa njia nne. Zitaje.
6. Kwa nini watu walishindwa kuyasoma maandishi ya Wamaya kwa muda mrefu?

Kazi ya kuandika

Chagua mtu mmoja wa mahali unapokaa, aliyefariki zamani, ambaye alifanya kazi ya kuwasaidia wengine. Anaweza kuwa mkunga, mvuvi, mwashi au mkulima. Uliza habari zake kwa wazee wawili au watatu. Kisha andika mistari kumi juu ya maisha yake. Anza kwa kuandika jina lake kamili.